Nati ya Ikutha na maisha ya Joseph Whitworth

Wengi wetu hapa pwani magari tunayatengeneza wenyewe. Bei za gereji zimepanda, na mtu akiwa na uwanja, jeki, boksi la spana na kijana wa kumshikia tochi, pedi za breki atazibadilisha baina ya adhuhuri na alasiri. Mimi ni mmoja wao. Kwa miaka mingi nilijisifu barazani kwamba Probox yangu haijui mkono wa fundi mwingine. Leo nataka kuwaeleza siku nilipoacha kujisifu, na habari za mtu aliyekufa mwaka 1887 ambaye siku hiyo ndipo nilipolisikia jina lake.

Tulikuwa tukienda Mutomo, kaunti ya Kitui. Mpwa wangu ameoa huko, na wakwe walitualika. Jioni ya kabla ya safari nilibadilisha pedi za mbele, nikarudisha tairi, nikakaza nati. Nilikaza kama nilivyofunzwa ujanani: nilichomeka bomba kwenye mpini wa spana ili urefuke, nikaegemea kwa mwili, nikaendelea mpaka nati ikalia. Nati iliyolia ndiyo iliyoshika. Hivyo ndivyo tulivyoamini.

Tukapita Voi na Mtito Andei, tukafika Kibwezi katika kaunti ya Makueni, tukaiacha barabara kuu ya Nairobi na kushika ile iendayo Kitui. Tukavuka mto Athi. Kabla ya kufika Ikutha nikasikia kitu kinagonga chini upande wa kushoto, kisha usukani ukaanza kutetemeka mikononi. Nyuma walikaa mke wangu, dada yangu na wajukuu zake wawili. Nikadhani ni pancha. Niliposhuka nikakuta boliti mbili kati ya nne zinazoshikilia tairi la mbele zimekatika, na nati ya tatu imelegea naweza kuizungusha kwa vidole. Tairi lilikuwa limeshikwa na boliti moja. Wakati huo huo lori lilitupita kwa kasi, upepo wake ukalisukasuka gari letu, na dada yangu akawashika watoto bila ya kusema neno.

Kijana wa bodaboda alituletea fundi kutoka Ikutha, mzee wa Kikamba aliyepita miaka sabini. Aliinama, akaokota kipande cha boliti, akakitazama kwenye kiganja kwa muda. Kisha akaniuliza, mzee wa pwani, hizi nati ulizikaza ngapi? Sikumfahamu. Nikamjibu nilizikaza sana. Akacheka kidogo, bila ya dharau, akasema hakuuliza kama nilikaza sana au kidogo, ameuliza ngapi.

Tuliburutana polepole hadi kwenye kibanda chake, na huko akatoa daftari lenye jalada jeusi kwa oili. Kila ukurasa ulikuwa na aina moja ya gari, namba ya injini yake, na chini yake orodha: nati za tairi, boliti ya kumwagia oili, boliti za silinda hedi. Kwa Probox yangu, nati za tairi zilikuwa na namba tatu kwa mstari mmoja: 103, 76 na 1050. Nikamwambia kwamba namba hizo zote nimewahi kuziona, kila moja mahali pake, nikakata shauri kwamba watu wanabahatisha tu, ndiyo maana nikabaki na bomba langu. Akaniambia zote tatu ni kitu kimoja. 103 ni kwa nyutonimita, 76 ni kwa futi-pauni za Waingereza na Wamarekani, na 1050 ni kwa kilo-sentimita, kipimo kilichotumika katika vitabu vya zamani vya Wajapani. Anayechukua 103 na kuikaza kwa spana iliyoandikwa futi-pauni amezidisha zaidi ya theluthi, naye anadhani amefuata kitabu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Nyutonimita 103 ni sawa na kutundika uzito wa kilo 10 na nusu hivi kwenye ncha ya spana yenye urefu wa mita moja. Spana ikiwa nusu mita, ni kilo 21. Mimi na bomba langu la nusu mita, nikiegemea kwa kilo 40 tu, nilifika karibu 196. Nilikaza karibu mara mbili ya ilivyotakiwa.

Lakini kukaza zaidi kunadhuru vipi? Mzee alinieleza kwa kamba ya mpira. Boliti ikikazwa huvutika kidogo sana, kama springi, na hamu yake ya kurudi ndiyo inayolibana tairi kwenye kitovu chake. Ikilegea, tairi hucheza na boliti hupindwa huku na huku mpaka ichoke ikatike. Ikivutwa kupita kiasi hubaki imerefuka, springi imekufa, haibani tena, na inarudi kuwa kama iliyolegea. Aliyekaza mno na aliyekaza kidogo hukutana njia moja. Tena sehemu kubwa ya nguvu ya mkono wako, kama tisa katika kumi, huishia kwenye msuguano wa nati na boliti, na sehemu ndogo tu ndiyo inayovuta. Ndiyo maana kutu, mchanga au oili kwenye meno ya boliti hubadilisha mambo yote. Mlio niliokuwa nikiusubiri kumbe ulikuwa msuguano ukilalamika.

Alipokuwa akitafuta boliti za kunibadilishia niliona kwenye sanduku lake spana nzito za zamani, zimepigwa chapa ya sehemu za inchi na herufi W. Moja ilikuwa na chapa ya nusu inchi, lakini mdomo wake ulikaribia inchi nzima. Nikadhani imekosewa. Akasema hapana, namba hiyo inataja unene wa boliti, wala si upana wa nati. Spana hizo alizitumia zamani kwenye injini za Lister zilizozungusha mashine za kusaga mahindi vijijini, na kwenye malori ya Kiingereza. Ile W ni jina la mtu: Whitworth. Bila ya yeye, akasema, daftari langu lisingekuwa na maana.

Niliporudi Mombasa nilitafuta habari za mtu huyo, na nimezisoma zaidi ya mara moja.

Joseph Whitworth alizaliwa tarehe 21 Disemba 1803 mjini Stockport, karibu na Manchester, Uingereza. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule, baadaye akawa mhubiri. Mama yake alifariki Joseph akiwa bado mtoto, nyumba ikavunjika, watoto wakalelewa mbali na baba. Alipofika miaka 14 alipelekwa kwa mjomba wake aliyekuwa na kiwanda cha kusokota pamba huko Derbyshire, ajifunze biashara. Kijana hakuvutwa na biashara hata kidogo, alivutwa na mashine. Akaona jinsi zilivyotengenezwa vibaya: hakuna kipande kilichokaa sawasawa na mwenzake, kila kitu kimepigwa tupa mpaka kikaingia kwa shida. Miaka minne hivi baadaye alimwacha mjomba akaenda Manchester kuwa fundi wa mkono, akijipaka oili kwa ujira mdogo.

Mwaka 1825 alioa, akahamia London. Huko alifanya kazi kwa Henry Maudslay, fundi aliyesifika kuliko wote zama hizo kwa usahihi wa kerezo zake, na baadaye kwa Joseph Clement, aliyekuwa akitengeneza mashine ya hesabu ya Charles Babbage. Kwa mabwana hawa alijifunza kwamba ufundi si nguvu ya mkono. Mwaka 1833 alirudi Manchester akafungua karakana yake mwenyewe, akitengeneza zana za kuwauzia mafundi wengine.

Jambo la kwanza lililomshughulisha lilikuwa bamba lililonyooka. Utajuaje kwamba bamba la chuma ni bapa kweli? Ukilipima kwa jingine, huenda moja limebonyea na la pili limevimba, nayo yakalingana kabisa huku yote mawili ni ya uongo. Alitumia mabamba matatu, akayapima kwa zamu, la kwanza na la pili, la pili na la tatu, la tatu na la kwanza, akiyakwangua palipozidi. Mawili yanaweza kukubaliana katika kosa, lakini matatu hayawezi. Mwaka 1840 aliwaeleza wataalamu wa Uingereza njia hiyo katika mkutano wao mjini Glasgow.

Mwaka uliofuata, 1841, akafanya lile lililoliweka jina lake kwenye spana za mzee wa Ikutha.

Zama hizo kila kiwanda kilikata hesi zake, yaani yale meno yanayozunguka boliti. Kila mwamba ngoma huivutia kwake. Boliti ya kiwanda hiki haikuingia nati ya kiwanda kile. Mashine ikiharibika, ilibidi umrudie aliyeitengeneza au umtafute fundi akukatie boliti mpya, moja baada ya moja. Wazee wetu wa pwani wangemfahamu upesi mtu anayelia na hali hiyo. Nguo zilipimwa kwa mkono, tangu kisugudi hadi ncha ya kidole, na mikono haifanani. Misafara ya Wakamba iliyoleta pembe za ndovu Mombasa, ile ya Kivoi Mwendwa wa Kitui ikiwa mashuhuri kuliko zote, ilipimiwa nguo kwa mkono wa muuzaji. Mwenye mkono mfupi alitajirika kwa ufupi wake.

Whitworth hakubuni kipimo kutoka kichwani mwake na kuwalazimisha watu. Alikusanya boliti kutoka karakana nyingi za Uingereza, akazipima, akatafuta wastani. Pembe ya meno ilitoka digrii 55, akaiweka kuwa ya wote. Kisha akapanga idadi ya meno kwa kila unene: boliti ya robo inchi meno 20 kwa kila inchi, ya nusu inchi meno 12, ya inchi moja meno 8. Akayasoma mapendekezo hayo mbele ya taasisi ya wahandisi wa ujenzi mjini London. Kwa kuwa ulikuwa wastani, kila mtu alikuta sehemu ya desturi yake mle ndani, na hakuna aliyeshinda wenzake. Kampuni za reli zilikubali, viwanda vikafuata, na kabla ya miaka ishirini kupita karibu Uingereza nzima ilikuwa ikikata hesi moja.

Mwaka 1851 alionyesha katika Maonyesho Makuu ya London mashine ya kupimia tofauti ya sehemu moja katika milioni ya inchi. Mwaka huo huo, Agosti, Kivoi aliuawa safarini karibu na mto Tana, akiwa pamoja na mmisionari Krapf. Sina maana ya kuwalinganisha watu hawa wawili. Ila naona namna dunia ilivyokuwa: mmoja anapima milioni ya inchi, mwingine anaongoza msafara ambao nguo zake zilipimwa kwa kisugudi, na bado miaka 45 tu reli ianze kujengwa kutoka Mombasa, ipite Kibwezi na Makindu, ikiwa na mashine zilizotoka Uingereza ile iliyokwisha kukubaliana juu ya hesi.

Faida ya makubaliano hayo ilionekana katika vita vya Crimea, vilivyopiganwa tangu 1853 hadi 1856. Serikali ilihitaji injini za mashua za kivita upesi. Husimuliwa kwamba seti 90 zilitengenezwa kwa muda wa siku 90 hivi, kwa kugawa vipande katika karakana mbalimbali kisha kuviunganisha. Miaka ishirini nyuma, vipande hivyo visingeingiana.

Sitampamba kupita alivyokuwa. Waliomjua walimwona mtu mgumu, mwepesi wa kukasirika, asiyependa kusahihishwa. Tena usahihi ule ule aliupeleka kwenye silaha. Alitengeneza bunduki yenye mtutu wa pembe sita, ikapiga mbali na kwa shabaha kuliko bunduki za jeshi lao. Malkia Victoria aliifyatua huko Wimbledon mwaka 1860. Jeshi la Uingereza halikuichukua, lakini walenga shabaha wa majimbo ya kusini ya Marekani, yaliyopigania kubaki na utumwa, waliitumia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kipimo sahihi humtumikia yeyote aliyekishika.

Mali aliyoipata aliielekeza kwenye elimu. Mwaka 1868 alianzisha ufadhili wa vijana 30, kila mmoja pauni 100 kwa mwaka, wajifunze uhandisi, na waombaji walitakiwa wajue nadharia na pia waweze kushika zana. Mwaka 1869 alipewa cheo cha heshima, akaitwa Sir Joseph. Hakuacha mtoto. Alifariki Monte Carlo tarehe 22 Januari 1887, akiwa na miaka 83, akazikwa Darley Dale huko Derbyshire. Sehemu kubwa ya mali yake ilikwenda kwenye mambo ya umma, na Manchester hadi leo ina bustani na jumba la sanaa lenye jina lake.

Hesi yake haikudumu milele. Mwaka 1864 William Sellers wa Marekani alipendekeza digrii 60, ambazo ni rahisi zaidi kuzikata, na nchi mbili hizo zikaenda njia mbili. Katika Vita Vikuu vya Pili zikajuta, maana vipuri vya huku havikuingia kule. Mwaka 1948 zilikubaliana pamoja na Kanada juu ya hesi moja ya inchi ya digrii 60, na magari yetu ya Kijapani leo yanatumia ya milimita, digrii 60 vile vile. Hata spana inayopima mkazo, ambayo mafundi wetu huiita toki, haikubuniwa na Whitworth. Ilibuniwa mwaka 1918 na Conrad Bahr, mfanyakazi wa idara ya maji ya New York, kwa sababu boliti za mabomba zilikuwa zikikazwa kupita kiasi. Lakini namba ya toki ina maana pale tu ambapo boliti zote za aina moja zina meno mamoja. Kwanza yalitakiwa makubaliano, ndipo ikaja namba.

Nirudi Ikutha. Mzee alinitia boliti zote nne mpya, hata ile iliyobaki nzima hakuiamini kwa kuwa ilikwisha kuvutwa. Alisafisha meno kwa brashi ya waya, hakutia oili, akaziingiza nati kwa mkono mpaka zikakaa. Akaziminya kwa kupishana, moja na iliyo mkabala nayo, kisha akashika spana yake ya toki akaiweka 103. Kila nati ilipofika, spana ilitoa mlio mdogo, naye aliacha hapo hapo. Akanipa spana nijaribu. Niliona haya kwa wepesi wake. Mkono wangu ulitaka kuendelea.

Akaniagiza nikishakwenda kilomita mia hivi nizipime tena, kwa kuwa rangi na vumbi baina ya vyuma hukaa chini, na nati hupungua. Wakati wa kurudi tukampitia. Moja ilisogea kidogo kabla ya spana kulia.

Basi, ndugu msomaji unayetengeneza gari uwani kwako, haya ndiyo niliyorudi nayo. Usiichukue namba ya jirani kwa kuwa gari lake linafanana na lako. Tazama kibandiko cha chuma ndani ya boneti, nakili namba ya chesisi na ya injini, kisha tafuta kitabu cha mafundi cha gari hilo hilo. Kitabu cha mwenye gari mara nyingi kina namba ya nati za tairi katika ukurasa wa kubadilisha tairi, na hata kikiwa cha Kijapani, tarakimu zinasomeka. Angalia kipimo kilichoandikwa kando ya namba kabla ya kugusa spana. Boliti ya kumwagia oili kwenye injini ya Probox yangu ni takriban 37 tu, na mimi nilikuwa nikiikaza kama nati ya tairi. Boliti za silinda hedi nyingi hukazwa kwa namba ndogo kisha huzungushwa kwa digrii maalumu, na baadhi hazirudiwi kutumika. Usiposoma, hutajua.

Na uandike. Mali bila daftari hupotea bila habari, na magari ni hivyo hivyo. Nimenunua daftari dukani Makadara, na toki nimechangia na majirani wawili, tunaazimana. Ukurasa wa kwanza nimeandika 103, 76 na 1050 kwa mstari mmoja, na chini yake nimeandika Ikutha.

Wale watoto wawili sasa hawaingii garini kabla hawajaniuliza. Mkubwa ana miaka saba. Husimama kando ya tairi, mikono nyuma kama fundi mzee, akauliza: ngapi? Nami humjibu.